Zidaka za nyumba ya kale: vijana wa kujitolea waanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lamu. Kikundi chetu cha vijana ishirini na kidogo kimeruhusiwa na familia moja ya mtaa wa Mkomani kuitengeneza nyumba yao ya kale. Chumba cha ndani kina ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zenye nakshi. Lipu inabambuka, na imepakwa rangi mara nyingi hata maua hayaonekani vizuri. Fundi mmoja ametuambia tubandue yote, tupige simiti, halafu yeye atachonga upya. Tunataka kufanya warsha ya wiki moja likizo ya Aprili, vijana wajifunze kwa mikono yao. Inawezekana? Tuanze na nini?

Jibu: Mwalimu, inawezekana, na nimefurahi umeuliza kabla patasi haijaguswa. Maswali mengi ya namna hii hunifikia ukuta ukishabanduliwa, na hapo huwa sina la kusema ila pole. Kwa ufupi: msibandue kitu, msinunue simiti, na warsha isiwe Aprili. Sasa nieleze sababu.

Nianze na huyo fundi, maana ndiye mtakayeonana naye kila siku mtaani na sitaki mgombane. Kwa nyumba ya matofali ya juzi, ushauri wake hauna kasoro. Nyumba yenu si hiyo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake unakaribia nusu mita, na juu yake zimelala boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini, kwenye mvua na kwenye hewa ya bahari, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vinyweleo. Simiti imeziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hukaa nyuma yake pamoja na chumvi. Ukuta ukikauka, chumvi hugeuka chembe ngumu, na zile chembe zikikua zinasukuma. Misimu kadhaa baadaye utaukuta ubao wa simiti ni mzima kabisa, mgumu, hauna hata ufa, lakini umeachana na ukuta. Ugonge uusikie unavyolia kama debe. Siku ukianguka, unaondoka na ngozi ya jiwe. Rangi ya plastiki nayo hufanya madhara hayo hayo, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Na hilo la kuchonga upya: nyumba nyingi za aina hiyo mjini Lamu ni za karne ya 18. Fundi wa leo anaweza kuchonga ua zuri kuliko la zamani, sikatai. Lakini mtakuwa na ukuta wa mwaka huu, na ule wa mababu utakuwa umekwenda na karai la kifusi hadi ufuoni.

Kabla hamjautazama ukuta wa zidaka, pandeni juu. Lipu haibambuki kwa uzee tu. Kuna maji yanayotoka mahali. Angalieni dari, angalieni ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana huko ndiko zinakooza kwanza bila kuonekana. Angalieni pia choo. Katika nyumba za Lamu choo na birika lake, yaani tangi la maji la kujengwa, mara nyingi hupakana na chumba cha ndani, na nimeona zaidi ya mara moja zidaka zikilia machozi kwa sababu ya birika lililopasuka upande wa pili. (Wazee walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani ya birika ili wapate kula viluwiluwi vya mbu. Waulizeni wenye nyumba, huenda yupo anayewakumbuka.) Mkikuta paa linavuja, fedha yote mliyokusanya iende kwenye paa, hata kama vijana watanuna. Nakshi iliyotengenezwa chini ya dari inayovuja ni kazi ya msimu mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kuanza juu, nayo ni roho za watu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash hapa Unguja mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wakafa. Tangu siku ile siingizi kijana yeyote chini ya dari ambayo haijakaguliwa na mtu anayejua majengo, hata iwe ya ghorofa moja. Nanyi msiingie.

Tuseme paa ni zima. Siku ya kwanza ya warsha hakuna atakayeshika mwiko. Mtahitaji tochi, penseli, karatasi, futi ya kupimia na simu yenye kamera. Fungeni madirisha, zimeni taa, mtu aiweke tochi ubavuni mwa ukuta, karibu kuugusa, mwanga upite juu ya lipu kama jua la magharibi linavyopita mchangani. Hapo ukuta unaamka. Maua mliyodhani yamefutika yanatoa kivuli. Mtaona mistari myembamba aliyoikwaruza fundi kabla ya kuchonga, ile ya kugawa nafasi, na pengine kitundu kidogo katikati ya ua alipokita ncha ya bikari. Mtaona pale kisu kilipoteleza. Vijana wenu watanyamaza, nakuahidi. Kwenye kuta tupu, hasa karibu na ngazi na daka (baraza ya mlangoni), tazameni sana: majengo mengi ya kale ya pwani, Kilwa na Takwa yakiwemo, yana michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye lipu na watu wasiojulikana. Mlingoti, tanga, usukani, basi. Mtu mwenye brashi na nia njema huifuta kwa nusu saa bila kujua.

Kila kidaka kipewe namba, kuanzia juu kushoto. Kipigwe picha ya mbele na ya tochi ubavuni, na rula iwemo pichani. Wenye mkono mwepesi wachore ukuta wote kwenye karatasi ya miraba, sentimita moja iwe sentimita kumi za ukutani. Kazi hii itakula siku mbili. Msiionee uchungu: ndiyo itakayobaki ikiwa lolote litaharibika baadaye, na ndiyo mafunzo yenyewe. Mtu akishachora zidaka thelathini kwa mkono wake hawezi tena kuzipita bila kuziona.

Hapa pana jambo la nafasi. Chumba cha ndani ni chembamba, kwa sababu upana wake ulipangwa na urefu wa boriti. Mara nyingi hakifiki mita tatu. Vijana ishirini hawaenei mbele ya ukuta ule, na wakienea mmoja atauegemea. Wawe wanne kwa zamu, na fundi mmoja awe nao muda wote. Wengine wana kazi tele: kundi moja uani na chokaa, jingine lipime nyumba nzima kuanzia tekani, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, hadi juu, jingine likae na bibi wa nyumba na kurekodi anachokumbuka. Nani aliupaka ukuta mara ya mwisho, na kwa rangi gani? Palikuwa na sahani za Kichina kwenye zidaka? Zilikwenda wapi? Majibu hayo humsaidia fundi kuliko unavyodhani.

Siku ya tatu mgonge ukuta. Si kwa nyundo. Kwa kifundo cha kidole cha kati, kama unavyobisha mlango wa mgonjwa. Lipu iliyoshika hutoa sauti fupi, kavu. Iliyoachana na jiwe hutoa sauti ya mtungi mtupu. Mmoja agonge, mmoja asikilize akiwa amefumba macho, wa tatu aweke alama kwenye ule mchoro, si ukutani. Mkimaliza mtakuwa na ramani ya ugonjwa, na kwa kawaida watu hushangaa: sehemu inayotisha kwa macho ndiyo iliyoshika vizuri, na ile laini safi, iliyonyooka, ndiyo inayoning'inia kwa rangi tu.

Sehemu zilizoachana hushikishwa upya kwa kudungwa uji wa chokaa kwa bomba la sindano. Nieleze inavyokwenda ili mjue kwa nini si kazi ya wanafunzi. Fundi hutafuta ufa uliopo, hatoboi mpya akiweza kuepuka. Hupuliza vumbi litoke, hudunga maji yaliyochanganywa na spiriti kidogo ili njia iloe, halafu huanza na uji kutoka chini kupanda juu, kidogo kidogo, huku kiganja cha pili kikiwa juu ya lipu kusikiliza. Ndiyo, kiganja husikia: lipu hujaa ubaridi na uzito. Akizidisha, uzito wa uji wenyewe unaangusha alichokuja kuokoa. Kisha huegemeza ubao wenye sponji na kuukaza kwa mti hadi ushike. Vijana washike taa, wakoroge uji, waziloweshe sponji, watazame. Aliyeonyesha utulivu kwa siku nne apewe bomba siku ya tano, mahali pasipo na nakshi. Vipande vilivyokwisha kuanguka visitupwe wala visiwe zawadi ya mgeni. Viwekwe kwenye sanduku lenye mchanga mkavu, kila kimoja na namba ya kidaka chake.

Usafi nao una hila zake, na hapa nitoe kosa langu mwenyewe. Warsha yangu ya kwanza kabisa, ukuta wa chini ulikuwa umetoa unga mweupe kama pamba. Nikawaambia vijana waufute kwa sponji na maji ya bomba. Ukatakata, tukapiga picha, tukala pilau. Mwaka uliofuata nikarudi: kimo chote tulichokifuta kilikuwa kimekuwa unga, ukikigusa kinamwagika. Ule unga mweupe ulikuwa chumvi. Maji yetu yaliiyeyusha yakairudisha ndani ya lipu, ikakauka huko, ikapasua. Chumvi hupanguswa kavu, kwa brashi laini ya kupakia rangi, na kijana wa pili anashika kikaratasi chini kuikusanya, ili isirudi sakafuni na unyevu wa kupigia deki. Maji, sabuni, dawa ya kung'arisha nguo, ndimu, siki, brashi ya waya na msasa visipite mlango wa chumba kile.

Sasa rangi. Najua hamu yenu ni kuona maua yakitoka. Zile tabaka za chokaa zilizopakwa miaka nenda miaka rudi zimeujaza mchongo kama theluji, samahani, kama unga wa muhogo kwenye kinu. Zinaweza kuondolewa kwa kisu cha daktari, kavu, tabaka kwa tabaka. Mkono uliozoea hutoa eneo la kiganja kimoja kwa asubuhi nzima. Usiozoea hutoa eneo hilo hilo kwa saa moja na kuondoka na kingo za ua. Ushauri wangu, na wapo wenzangu wasioafiki: chagueni kidaka kimoja tu, cha pembeni, fundi akifungue kama dirisha, vilivyobaki viacheni vilivyo. Chokaa iliyojaa mle haiudhuru ukuta. Miaka 200 imekuwa blanketi. Rangi ya plastiki ni habari nyingine. Ile inaziba pumzi, na mahali imeanza kuvimba yenyewe huvutwa kwa kibano bila nguvu. Ikigoma, iacheni.

Mikono ya vijana itashiba kwenye chokaa na mbao za mazoezi, na hapa sina ubahili. Tafuteni vipande vya mbao vya futi moja kwa futi moja, vipigilieni fito ili lipu ishike. Chokaa moja kwa mchanga tatu kwa lipu ya chini. Ya juu iwe nyororo, chokaa moja kwa mchanga mwembamba mmoja na nusu au mbili. Mchanga usiwe wa ufuoni, na maji yasiwe ya kisima chenye chumvi. Mkionja yakawa magadi, nunueni ya mvua au ya tangi. Lipu ya juu ikishapigwa, subirini. Ikiwa bado inang'aa ni mapema, kisu kitaiburura. Ikikubali kidole bila kushika kidole, kama halua iliyokwisha kupoa kwenye sinia, ndipo wachonge. Mwanzo wachonge mstari, kisha mkufu, kisha ua la petali sita kwa bikari. Watakata mapema, watakata mno, kingo zitavunjika, na saa ya alasiri lipu itakuwa imewashinda kwa ugumu. Baada ya hapo warudisheni mbele ya ukuta wa kale kwa dakika kumi, bila maneno.

Onyo moja, Mwalimu, na hili ni la usalama. Chokaa iliyotoka tanuuni ikikutana na maji huchemka kwa fujo. Isizimwe na wanafunzi. Fundi aizime kabla, siku nyingi kabla, kwa kuitia chokaa kwenye maji na si maji kwenye chokaa, na watoto wasiwepo. Mkitumia chokaa ya mifuko ya dukani, ilowekeni kwenye pipa la plastiki, maji yaifunike vidole vinne, ikae wiki kadhaa; ikikaa miezi ni bora zaidi. Hata hiyo ya pipa hula ngozi na macho. Kila kijana awe na miwani na glavu, na ndoo ya maji safi ikae karibu kwa ajili ya macho tu, isitumiwe kuoshea mwiko.

Mlango hukuuliza, lakini nyumba hiyo haikosi wa nakshi, na kijana mmoja atatamani kuupiga msasa na vanishi. Mzuieni. Msasa hula ncha za mchongo, na ncha ndizo mchongo. Ng'oeni vumbi kwa brashi ya meno iliyo laini na kijiti cha mwanzi, na mwambieni anayepiga deki asirushe maji kwenye kizingiti. Milango mingi huoza chini kwa ndoo ya usafi kuliko kwa mvua.

Kuhusu ruhusa: ya familia haitoshi. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na nchini Kenya kazi za namna hii zinaangukia Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Nendeni ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu mkiwa na ile michoro na picha mkononi, na muombe mtu wao awe nanyi. Mtapokewa tofauti na kikundi kinachokuja na barua tupu. Na hiyo familia, hakikisheni ni familia nzima. Nyumba ya kale haina mwenyewe mmoja. Kuna shangazi Mombasa, kuna binamu Maskati, na pengine kuna wakfu. Wote wasikie mapema, kabla picha hazijawafikia kwenye simu.

Mkipata wageni wa kujitolea kutoka nje, vizuri; UNESCO yenyewe imekuwa ikiendesha kambi za vijana kwenye maeneo ya urithi tangu 2008. Lakini wageni wasipewe ukuta na wenyeji wakapewa ndoo. Na si kila kazi ya uhifadhi iko ukutani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa miaka kumi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, 2004 hadi 2014, na sehemu ya tiba yake ilikuwa kupanda mikoko ili bahari isile ufuo chini ya kuta. Aliyepanda mkoko tope likimfika magotini ameilinda nakshi sawa na aliyeshika sindano.

Nimalizie na kalenda. Aprili ni masika: hewa imejaa maji, lipu ya chokaa haikauki, na chumvi yote iko safarini. Januari kwenye kaskazi kali nako hakufai, lipu hukauka kabla haijashika na kupasuka kama ardhi ya ukame. Likizo ya Agosti, kusi likiwa limepoa, ndiyo yenu. Na hata hapo mfunike kazi mpya kwa magunia mabichi siku kadhaa. Itumieni Aprili kwa yale yasiyohitaji jua: paa, vipimo, picha za tochi, mazungumzo na bibi. Yule fundi wa simiti mwiteni naye, mlipeni siku zake, mpeni kibao cha mazoezi na kisu. Mafundi wazuri wa chokaa ninaowajua, wengi walianza na simiti. Pipa la chokaa liloweke wiki hii, Mwalimu, liandike tarehe kwa rangi, na unitumie ile ramani ya kugonga ikishakamilika, nione ukuta unaumwa wapi kabla hatujazungumza kuhusu sindano.